Damu ya Chooni Ina Majina Mengi Kisumu

Ukiwa Kisumu ukaona damu kwenye haja kubwa, hutakosa mtu wa kukuambia ni nini. Mwenye kemisti pale stejini atasema amiba. Jirani atasema bawasiri, na papo hapo atakutajia mzizi wa kuchemsha. Aliyekulia Dunga akioga ziwani tangu utotoni atasema kichocho, na huyo hayuko mbali na ukweli, maana kichocho cha matumbo kimejaa ukingo mzima wa ziwa. Kuna mzee aliyewahi kunihakikishia kwamba ni pilipili. Ukiiondoa pilipili, hayo yote ni magonjwa ya kweli, tena ya kila siku, na hapo ndipo ubaya ulipo. Saratani ya utumbo mpana na puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, haina haja ya kujificha huku kwetu. Inabisha hodi mchana kweupe, nasi tunaikaribisha kwa jina la mgeni mwingine.

Shangazi yangu, muuza omena katika soko la Kibuye, alitembea nayo miezi 11 kabla ya mtu kuitambua. Alikuwa na miaka 47. Mwanzoni alinunua Flagyl, dawa ya amiba, kama tunavyonunua sote. Baadaye akapimwa taifodi kwa Widal, kipimo ambacho mahali kama hapa, ambapo wengi wetu tumeshakutana na vile vijidudu maishani, humpata na taifodi karibu kila anayekitafuta. Akadungwa sindano siku 7. Ikafuata bawasiri, na dawa ya kupaka. Alipoanza kuhema kwa kubeba debe moja tu la omena, akaambiwa malaria imemla damu. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilimlaza, ikamwongezea damu chupa mbili, ikamruhusu arudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma. Chupa mbili, na hakuna aliyeuliza ile damu yake mwenyewe ilikuwa imepotelea wapi.

Aliyeuliza ni afisa wa kliniki wa zahanati ya mtaani, kijana ambaye nadhani hajafika miaka 30. Alivaa glavu, akaipaka mafuta, akamwambia, "Mama, niwie radhi, hapa lazima niguse." Dakika haikuisha. Kidole kilikuta kitu kigumu chenye kingo, sentimita chache tu kutoka mlangoni, na glavu ikatoka na damu. Kijana akaandika rufaa kwa mkono, na neno "haraka" akalipigia mstari mara mbili.

Tumezoea kusema saratani inatumaliza kwa sababu mashine ni chache. Ni kweli, na nitafika huko. Ila miezi 11 ya shangazi haikuliwa na ukosefu wa mashine. Alipita mikononi mwa watu wasiopungua sita waliosomea tiba, kila mmoja akiwa na sanduku la glavu mezani. Nimewauliza madaktari kadhaa kwa nini kipimo hiki cha kidole hakifanywi, na jibu lao huwa la kuzungukazunguka: foleni ni ndefu, chumba kina pazia tu badala ya mlango, mgonjwa atakataa. Tuseme wazi kwamba ni aibu, na aibu yenyewe ina pande mbili. Kijana wa kiume anaona mbele yake mama wa umri wa mama mkwe wake, na kwa Waluo na Waluhya mama mkwe ni mtu ambaye hata kumkaribia kuna taratibu zake. Mama naye anaona mtoto. Wote wawili wanapata nafuu dawa ya amiba inapoandikwa.

Tukiacha aibu kando, dalili zenyewe ni za kuchanganya. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na uvimbe ukiota upande wa kushoto, karibu na puru, mambo huonekana: damu iliyochanganyika na choo, ute, choo chembamba kuliko kawaida, na ile hali ya kutoka chooni ukihisi hujamaliza, ukarudi, usitoe kitu. Wapo wanaofunga choo siku tatu kisha wakaharisha siku mbili, wakidhani ni chakula. Damu ya bawasiri mara nyingi ni nyekundu ng'avu na hudondoka mwishoni, lakini usimtegemee mtu yeyote, awe bingwa wa namna gani, kuapa kwa kutazama rangi. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, na bawasiri ikawa ndiyo iliyoonekana.

Upande wa kulia ndio wenye hila. Huko utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe hukua bila kuziba njia, ukivuja damu kidogo kidogo ambayo jicho haliioni. Mgonjwa anakuja akilalamikia uchovu, moyo kwenda mbio, viganja kupauka. Katika ukanda wa ziwa, wenye malaria mwaka mzima na selimundu katika familia nyingi, upungufu wa damu una wenyewe tayari. Ndiyo maana nashikilia kanuni moja ambayo wataalamu hawaibishii: mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa madini ya chuma bila sababu, atafutwe tumboni kwanza. Vidonge ni sawa, ameze, lakini visitumike kufunga faili.

Kisha kuna umri. Vitabu vingi viliandikwa kwa wazee wa Ulaya na Marekani, ambako ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa miaka 60 na kupanda. Ripoti za hospitali za Kenya na majirani zake zimekuwa zikionyesha kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wetu hawajafika 50. Kwa kiasi fulani hiyo ni hesabu tu: taifa la vijana litakuwa na wagonjwa vijana. Hesabu hiyo haimfariji aliye na miaka 38 anayeambiwa na tabibu kwamba ni mdogo mno kwa saratani. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alijitokeza hadharani na kusema ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne, ile ya kusambaa mbali. Alitibiwa Paris, akarudi, akafariki tarehe 26 Julai 2019 akiwa na miaka 41. Huku Nyanza tulimlilia kama mtoto wa nyumbani, tukabishana juu ya maziko yake wiki nzima, na sikumbuki matanga hata moja ambapo mtu alisimama akaeleza ugonjwa wenyewe huanzaje.

Huanza na kinyama. Wataalamu huviita polipu: vijinyama vinavyoota ukutani mwa utumbo, vingi visivyo na madhara. Vichache hubadilika taratibu, na safari ya kutoka polipu hadi saratani huchukua kama miaka 10. Hakuna saratani nyingi zinazompa mtu muda wa kiasi hicho. Kamera ya kupitishwa nyuma hadi ndani ya utumbo ikikikuta kinyama, kinanaswa kwa kitanzi cha waya na kukatwa hapo hapo, na habari inaishia hapo. Ndiyo sababu Marekani, mwaka 2021, jopo lao la ushauri wa uchunguzi lilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45 kwa mtu asiye na dalili yoyote.

Kuhusu chakula, kuna historia ambayo watu wa Magharibi mwa Kenya tuna haki ya kuijua kwa sababu ilianzia uani kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Mulago. Wengi wanamjua kwa uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa kwa jina lake, ambao wodi za Kisumu zinaujua vizuri mpaka leo. Aliporudi Uingereza akaanza kujiuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana ilijaa huko na huku Afrika alikuwa haioni. Mwaka 1971 akachapisha hoja yake: Mwafrika wa kijijini anakula nyuzinyuzi nyingi, choo chake ni kikubwa na hupita upesi, kwa hiyo uchafu haukai tumboni. Walimcheka kwa kupenda kuzungumzia choo. Hoja imezeeka lakini haijafa. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi na watu wa vijijini Afrika Kusini, kila upande watu 20, kwa wiki mbili tu. Waliopewa chakula cha kijijini, utumbo wao ulionyesha dalili za kutulia. Waliopewa nyama na mafuta ya Kimarekani walionyesha kinyume.

Sasa tazama tulikotoka na tuliko. Mahindi ya kusagwa posho na maganda yake tumeyabadilisha kwa unga mweupe wa pakiti. Mboga za mrenda, osuga na dek, ambazo bibi zetu walizichuma nyuma ya nyumba, zimekuwa chakula cha hoteli kinachouzwa ghali mjini. Kwenye steji ya Kondele kijana anashinda kwa smokie pasua, ile soseji ya kupasuliwa, na soda. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilisema mwaka 2015 kwamba gramu 50 za nyama ya kiwandani kila siku huongeza uwezekano wa saratani hii kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya kitu kidogo bado ni kidogo, kwa hiyo simtishi mtu na smokie moja ya Jumamosi. Pombe, sigara na kitambi navyo vimo. Ila sipendi jinsi mazungumzo ya chakula yanavyogeuka kuwa mahakama. Shangazi hajawahi kununua smokie maishani mwake, na osuga ameila tangu anyonyeshwe. Chakula kinaeleza kwa nini wagonjwa wanaongezeka katika nchi. Hakielezi kwa nini fulani na si fulani. Alipougua, mtu wa kwanza kanisani alimuuliza amekuwa akila nini.

Niwapeleke nyumbani kwake Manyatta, siku moja kabla ya kamera. Karatasi aliyopewa ilisema asile kitu kigumu, anywe maji, chai ya rangi na juisi isiyo nyekundu. Jioni aanze kunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita nne, glasi moja kila dakika 15, "na uwe karibu na choo". Ploti ile ina nyumba nane na choo kimoja, na choo kina kufuli, na ufunguo unakaa kwa mama mmoja wa nyumba ya mwisho. Shangazi alipitia mlango mmoja baada ya mwingine alasiri ile akiomba radhi mapema. Sikuwahi kumwona akiwa na aibu kiasi kile, yeye ambaye sokoni akipaza sauti madalali hunyamaza. Mama wa ufunguo aliuvua kwenye kamba shingoni akampa. "Kaa nao mpaka kesho," akasema. "Sisi tutaenda kwa jirani." Usiku kucha niliuona mwanga wa tochi ya simu ukienda na kurudi uani. Waandishi wa miongozo ya uchunguzi wa saratani, nadhani, huwa na choo ndani ya nyumba.

Majibu ya kinyama kilichochukuliwa na kamera yalichukua muda, kisha skani, kisha mipango. Uvimbe wa puru hauanzi na kisu kila mara. Ukiwa umeingia ndani ya ukuta, hupunguzwa kwanza kwa mionzi, na hapa jiografia ndiyo inayoamua nani atapona. Kwa miaka mingi mionzi ya hospitali za umma nchini ilikuwa Nairobi peke yake, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi. Siku hizi Eldoret ipo, na shangazi alielekezwa huko. Kuna njia mbili: ya wiki tano hivi, siku tano kila wiki, pamoja na vidonge vya kemo, au ya siku tano tu, kila siku dozi kubwa. Ile ya siku tano si ya kuungaunga. Waswidi walionyesha mwaka 1997 kwamba mionzi ya namna hiyo kabla ya upasuaji hupunguza uvimbe kurudi na huongeza miaka ya kuishi. Kwa mtu wa Kisumu, tofauti ya wiki moja na wiki tano ni chumba cha kukodi, ni chakula, ni kibanda sokoni kinachochukuliwa na mwingine. Sio kila uvimbe unafaa njia fupi, lakini kila mgonjwa anafaa kuambiwa kwamba ipo. Shangazi hakuambiwa mpaka binamu yangu alipouliza.

Upasuaji ndio mhimili. Kwenye utumbo mpana, kipande chenye uvimbe hukatwa pamoja na matezi ya limfu yanayokilinda, na ncha mbili zikaunganishwa. Matezi yahesabiwe: wataalamu wanataka yasipungue 12, la sivyo hujui kama ugonjwa umetoka ama umekosa tu kuonekana. Kwenye puru kazi ni ngumu zaidi, na mkono wa mpasuaji una uzito kuliko dawa. Mwingereza Bill Heald alionyesha mwaka 1982 kwamba puru ikitolewa nzima pamoja na mafuta yaliyoizingira, bila kuyachana, uvimbe kurudi pale pale kunapungua sana. Uliza aliyekupasua hufanya ngapi kwa mwaka. Si utovu wa adabu.

Uvimbe wa shangazi ulikuwa chini mno. Njia ya nyuma ikafungwa kabisa, na sasa haja hupitia tundu upande wa kushoto wa tumbo, ikiingia kwenye mfuko. Hili watu wanaliogopa kuliko kifo, na nimesikia habari za wagonjwa waliokimbia wodi usiku kwa ajili yake. Yeye alilia wiki mbili. Kisha akachukua mabaki ya kitenge, akashona kifuko chenye zipu cha kufunika ule mfuko, kingine cha kanisani chenye maua. Anakwepa maharagwe siku za soko kwa sababu ya gesi. Harufu ya omena, anasema, inamsitiri na mengine yote.

Baada ya kisu alipata kemo. Moja ya dawa zake, oxaliplatin, huchokoza neva kiasi kwamba baridi inauma kama sindano. Katika joto la Kisumu la Februari alikunywa maji ya uvuguvugu na alifungua friji ya dada yake akiwa na soksi mkononi. Nyingine ni ndugu wa dawa iliyobuniwa mwaka 1957, na mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa tiba ya ugonjwa huu. Dawa hizi nyingi si mpya wala si adimu. Kinachokosekana ni mtiririko: wiki hii dawa ipo, wiki ijayo utajinunulia nje.

Bima ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Baadaye serikali ikatangaza kukipandisha hadi 800,000. Skani, mionzi, upasuaji na mizunguko ya kemo hukila kifurushi kabla mwaka haujafika nusu, halafu kundi la WhatsApp linafunguliwa. Sina ugomvi na harambee. Nina ugomvi na hesabu inayolipa kemo ya hatua ya nne na kushindwa kulipia kamera ya mtu mwenye dalili kabla hajafika huko.

Maana mustakabali wa mgonjwa umefungwa kwenye hatua. Takwimu za Marekani, ambako wanafuatilia kila mtu, zinasema ugonjwa ukikutwa ukiwa bado ndani ya utumbo, karibu watu 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ukiwa umefika kwenye matezi ya jirani, ni 7 kati ya 10 hivi. Ukiwa umesambaa mbali, haifiki 2 kati ya 10. Huku kwetu namba ziko chini ya hizo. Hata hatua ya nne si kauli ya mwisho kila mara: madoa machache kwenye ini huweza kukatwa, na wapo wanaopona. Shangazi alikuwa hatua ya tatu, ile ya kufika kwenye matezi. Anapimwa damu kila miezi mitatu, kipimo cha CEA kinachotafuta alama ya saratani kwenye damu, kwa sababu unaporudi ugonjwa huu mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Siku ya majibu haendi sokoni.

Kuna jambo linalowezekana bila kusubiri majengo. Tangu 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000, wenye mabegi yenye kipimo cha presha na cha sukari, wanaoingia nyumba kwa nyumba. Kipimo cha kutafuta damu iliyofichika kwenye choo, kile cha kisasa kinachotambua damu ya binadamu pekee na hakidanganywi na nyama uliyokula jana, ni kijiti na kichupa. Kingeweza kuingia kwenye begi hilo. Napenda wazo hili, na linanitia wasiwasi. Kandokando ya ziwa kichocho na minyoo vitatoa majibu mengi ya "ndiyo" yasiyo saratani, na kumwambia mama wa Nyakach kwamba choo chake kina damu halafu umpe miadi ya kamera baada ya miezi minane ni ukatili wenye karatasi. Kwa hiyo ningeanza na wenye dalili: atibiwe kichocho na dawa ya siku moja, arudi baada ya wiki sita, na kama damu bado ipo, kidole, kisha kamera. Hakuna Flagyl ya pili.

Na ningeanza na watoto wa wagonjwa. Mtu ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja amepata saratani hii hangoji miaka 45. Huanza akiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yule ndugu, ipi itangulie. Shangazi aliugua na 47, kwa hiyo mwanawe wa kwanza anaanza na 37. Ni mwendesha boda pale Kondele, hana dalili hata moja, na mwezi wa tatu anatimiza umri huo. Alikuwa amekataa. Alisema mambo ya nyuma si ya mwanamume, na kwamba wenzake wa stejini hawatamwacha apumue. Wiki iliyopita nilipita Manyatta nikamkuta mama yake anasuka busati uani na yule jirani wa nyumba ya mwisho. Tarehe ya kamera imeshapatikana, akaniambia, na kijana atakuja kulala kwake usiku wa kuamkia siku hiyo. Ufunguo ameshauomba.